Fungu la buku si bei

Kinachokera kuhusu bei ya nyanya Dar ni hizi orodha za bei zinazoandika "fungu 1,000, haijabadilika". Haijabadilika vipi? Kinachobadilika ni fungu lenyewe. Nyanya zikiadimika, muuza genge hapandishi bei, anapunguza nyanya, kisha ile iliyopondeka anaificha chini. Fungu la buku (shilingi 1,000) likiwa na gramu 500, kilo ni 2,000. Wiki inayofuata likipungua hadi gramu 400, kilo imefika 2,500. Hiyo ni asilimia 25, na kwenye daftari lako la bei hakuna kitu!

Sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, nalo lina yake. Kuna lililobonyezwa kitako likaingia ndani, kuna linalojazwa kwa kilemba, hadi nyanya zipite mdomo, na lingine linaishia usawa wa mdomo. Tenga la sokoni ndiyo usiseme.

Beba mizani ndogo. Pima mafungu matatu kwenye genge lilelile, saa ileile, maana jioni nyanya zilizoiva sana huuzwa bei ya kutupa. Toa zilizooza, gawa bei ya mafungu yote kwa kilo zilizobaki. Andika pia kama ni ngumu au mbivu. Kuzichanganya kunaharibu hesabu yote.