Saadani si Wanyama Peke Yao

Ukisikia Saadani inatangazwa, utaambiwa ni hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania bara ambako mbuga inakutana na Bahari ya Hindi. Sifa hiyo inastahili. Asubuhi unawaona twiga na kongoni, mchana unapanda boti Mto Wami katikati ya mikoko, viboko wamejaa majini na mamba wanaota jua kingoni, jioni unaoga baharini. Lakini matangazo hayo yanawasahau watu, na kwangu watu ndio habari kubwa ya Saadani.

Huu ulikuwa mji wa bandari. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilishukia hapa kutoka bara, Unguja ikiwa ng'ambo tu ya maji. Mtawala wake, Bwana Heri bin Juma, hakuwa mtu wa kutishwa. Mwaka 1882 alilirudisha nyuma jeshi la Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1888, kampuni ya Wajerumani ilipokuja kuushika mwambao, aliingia vitani. Mwaka uliofuata Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliushambulia mji kwa mizinga ya manowari. Bwana Heri akaingia bara, akajenga maboma porini, na akaendelea kupigana hata baada ya Abushiri, kiongozi mwenzake wa vita hivyo, kunyongwa Pangani Desemba 1889. Alisalimu amri Aprili 1890. Abushiri watoto wetu wanamsoma shuleni. Bwana Heri wengi hawajamsikia, na mgeni anaweza kulala Saadani akaondoka bila kutajiwa jina lake. Hilo linaniuma.

Hata nyika yenyewe ina mkono wa binadamu. Upande wa kaskazini, Mkwaja, palikuwa na ranchi ya ng'ombe kuanzia 1952 hadi 2000. Mbung'o waliitesa miaka yote hiyo, mifugo ikiugua nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, na kuhitaji dawa kila mara. Ranchi ilipofungwa, migunga ilikuwa imeshateka sehemu kubwa ya malisho. Usogelee mmoja uutazame: baadhi ya miiba imevimba kwenye shina lake kama vitunguu vidogo, ina vitundu, na ndani wanaishi sisimizi. Tikisa tawi uone wanavyotoka mbio kuulinda mti wao. Kuiita nchi hii pori lisiloguswa ni kuipotosha.

Pori la akiba lilianza miaka ya 1960. Hifadhi ya taifa ikatangazwa mwaka 2005, ikaingiza ndani iliyokuwa ranchi na msitu wa Zaraninge. Ardhi hiyo ina wenyewe, na mgogoro wa mipaka na wakazi wa kijiji cha Uvinje umetuonyesha uchungu wake. Mimi ni mpenzi wa hifadhi, lakini sikubali kwamba wanyama hawawezi kulindwa mpaka watu wasogezwe. Kasa wanaotaga ufukweni Madete, kwa mfano, askari peke yao hawatawaweza, maana anayewakuta kwanza kwenye nyavu ni mvuvi.

Ningepewa nafasi, ningeanza na vijana wa Saadani, Mkwaja na Matipwili. Wafundishwe historia yao na walipwe kuisimulia. Mgeni atembezwe kijijini kwa miguu, aelezwe misafara ilivyoingia na kupumzika, Bwana Heri alitawala vipi, mizinga ilivyopigwa kutoka baharini. Twiga atawaona alasiri.