Je, ni haki mwombaji wa mkopo wa nyumba kupimwa kwa kadi yake?

Mtu anapoomba mkopo wa nyumba, mkopeshaji hatosheki na hati ya mshahara wala akiba aliyoweka. Huitisha pia rekodi ya mikopo yake, ambamo kadi ya mkopo huacha nyayo nyingi, kwa kuwa hutumika na kulipiwa kila mwezi. Wapo wanaoona huo ni uonevu: iweje deni la matumizi madogomadogo liamue kama mtu anafaa kukopeshwa fedha za kulipwa kwa miaka 25 au 30?

Hoja ya mkopeshaji ina uzito. Anayeomba mkopo wa nyumba kwa mara ya kwanza hajawahi kuulipa, kwa hiyo kinachobaki ni kutazama alivyotimiza ahadi ndogo. Ndiyo maana katika alama za FICO, zinazotumika Marekani kupima jinsi mtu anavyoaminika kulipa mikopo na zinazoanzia 300 hadi 850, historia ya malipo hubeba takriban asilimia 35 na kiasi kinachodaiwa asilimia 30. Malipo yaliyochelewa kwa siku 30 au zaidi yanaweza kubaki kwenye rekodi miaka 7. Nchini Uingereza ni miaka 6. Kando ya alama ipo hesabu ya kipato. Mwombaji anayepata 5,000 kwa mwezi, ambaye rejesho la nyumba litakuwa 1,600 na la gari ni 350, atatoa asilimia 39 ya kipato chake kwa madeni. Ukiongeza kima cha chini cha malipo ya kadi zake, tuseme 200, anafika asilimia 43. Mbele ya mkopeshaji asiyevuka asilimia 40, kadi ndiyo imemwangusha, hata kama hajawahi kuchelewa siku moja. Hapo sioni uonevu wowote, kwa sababu mshahara ni uleule na fedha hizo 200 haziwezi kulipa madeni mawili.

Tatizo liko kwenye ile asilimia 30 ya kiasi kinachodaiwa, ambayo kwa upande wa kadi hutegemea sana uwiano wa salio, yaani deni lililo kwenye kadi, na kikomo, yaani kiwango cha juu ambacho kadi inaruhusu kukopa. Salio linaloripotiwa kwa kawaida ni la siku ya kufunga hesabu za mwezi. Mwenye kikomo cha 10,000 aliyenunua vitu vya 8,000, kisha akalipa zote kwa wakati bila kutozwa riba, huonekana ametumia asilimia 80 ya kikomo. Mwingine ambaye amekuwa akiburuza deni la 8,000 kwa miaka miwili, akilipa kima cha chini tu, huonekana hivyo hivyo. Wa kwanza anaweza kujinusuru kwa kulipa kabla ya siku ya kufunga hesabu, lakini ni wachache wanaoijua siku hiyo. Fannie Mae, taasisi kubwa inayonunua mikopo ya nyumba nchini Marekani, ilianza mwaka 2016 kuzingatia mwenendo wa salio na malipo kwa miezi 24, na kwa maoni yangu badiliko hilo lilichelewa mno, kwani miezi 24 huonyesha tabia, ilhali siku moja huonyesha tu kilichotokea siku hiyo.

Asiyewahi kumiliki kadi naye ana malalamiko ya kweli. Amelipa kila kitu kwa fedha taslimu, lakini rekodi yake ni tupu, na ni ajabu kumwambia aanze kukopa ili athibitishe kuwa si mtu wa madeni. Mkopeshaji hawezi kulaumiwa kwa kutaka ushahidi. Anaweza kulaumiwa kwa kutaka wa aina moja. Kodi ya pango iliyolipwa kila mwezi bila kukosa inafanana zaidi na rejesho la nyumba kuliko kadi yoyote, na baadhi ya wakopeshaji wameanza kuipokea.

Wengine huharibu mambo kwa nia njema. Mwenye kadi mbili za kikomo cha 5,000 kila moja, anayedaiwa 2,000 kwenye mojawapo, ametumia asilimia 20. Wiki chache kabla ya kuomba mkopo anaifunga ile isiyo na deni, akidhani ataonekana mwangalifu. Uwiano unaruka hadi asilimia 40, na hajakopa hata senti moja.