Mkanda wa Uingereza Haukustahili Kufia Orlando

Tarehe 4 Septemba 2022, Tyler Bate, kijana wa Dudley, alipanda ulingoni na mkanda wa ubingwa wa Uingereza wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, begani, akashuka mikono mitupu. Aliyemshinda ni Bron Breakker, Mmarekani aliyekuwa tayari na mkanda wa NXT, tawi la WWE la kukuza vipaji. Wakatangaza kwamba mikanda miwili imeunganishwa, lakini tuliokuwa tunaangalia tuliona wazi kuwa mmoja umemezwa. Na haya yalifanyika Orlando, Florida, kwenye kituo cha mazoezi cha WWE, mbali kabisa na watu ambao mkanda ule ulibeba jina la nchi yao. Miaka imepita na bado roho haijatulia.

Najua kuna atakayeniuliza: mieleka hii matokeo yake hupangwa, sasa unalia nini? Ndiyo, hupangwa, na ndiyo maana nalalamika. Bondia akivuliwa mkanda, kavuliwa kwa ngumi. Huku kwetu kwenye mieleka, mkanda ukifa, kuna watu wamekaa mezani wakaamua ufe.

Waingereza hawakufundishwa mchezo huu na Wamarekani. Mwaka 1947 zilitoka kanuni zilizobeba jina la Admiral Lord Mountevans, baharia yule aliyesafiri na Kapteni Scott kwenda Antaktika. Pambano likawa la raundi, ushindi ukawa wa kumwangusha au kumkaba mpinzani hadi akubali mara mbili, mchezaji mchafu akawa anapewa onyo hadharani, na kila daraja la uzito likawa na bingwa wake. Kuanzia 1955 ITV, televisheni ya Uingereza, ikaanza kuonyesha mieleka, na kwa miaka mingi Jumamosi saa kumi jioni familia nzima ilikuwa mbele ya televisheni. Desemba 1988 ITV ikaiondoa hewani.

Wenye vipaji walikuwa wameshaanza kuvuka bahari. Mimi nilimjua Davey Boy Smith kupitia kanda za video kwenye kibanda cha mtaani, yule jamaa wa Lancashire mwenye nywele za kusuka na bendera ya Uingereza kwenye nguo. Agosti 1992 alimwangusha Bret Hart pale Wembley, mbele ya umati ambao WWF (jina la zamani la WWE) wenyewe waliutaja kuwa zaidi ya watu 80,000. Ulikuwa mkanda wa Intercontinental, mmoja wa mikanda ya kampuni hiyo, lakini usiku ule ulionekana kama wa Uingereza.

Februari 1997 kampuni hiyo hiyo ikaanzisha mkanda wa Ulaya, na Davey Boy akawa bingwa wa kwanza, mjini Berlin. Septemba mwaka huo wakampeleka Birmingham, nyumbani. Pambano lile alimtolea dada yake aliyekuwa anaugua saratani. Wakampa ushindi mpinzani wake, Shawn Michaels. Ukumbi mzima ulikasirika, na mimi siwezi kuwalaumu. Mwaka 2002 mkanda wa Ulaya nao ukamezwa na ule wa Intercontinental. Kwa hiyo kilichotokea Orlando hakikuwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana mkanda huu wa Uingereza, ulipoanzishwa mwaka 2017, niliupokea kwa tahadhari. ITV walikuwa wamerudisha mieleka kwa kipindi maalumu usiku wa mwisho wa 2016, na wiki mbili baadaye WWE wakawa Blackpool na wanamieleka 16 ndani ya Empress Ballroom, ukumbi wa kale wa dansi wenye roshani zinazoukumbatia ulingo. Wakaleta mkanda uliochongwa kwa kufuata nembo ya kifalme. Tyler Bate akautwaa kwa kumshinda Pete Dunne fainali. Alikuwa na miaka 19.

Tahadhari yangu haikudumu. Mei 2017, Chicago, Dunne alimnyang'anya Bate mkanda katika pambano ambalo nalirudia hadi leo. Dunne alikuwa anapindisha vidole vya mtu kimoja kimoja, akimaliza anaung'ata mkanda kwa meno kama chui na windo lake. Akakaa nao siku 685. Akaja WALTER kutoka Vienna, lijitu lenye kofi la kifuani linalosikika hadi viti vya nyuma, akakaa nao siku 870. Agosti 2019 pale Cardiff, Bate alimkabili kwa zaidi ya dakika 40. Mfupi yule alimnyanyua WALTER mzima mzima, na ukumbi ukalipuka. Hakushinda, lakini alitoka ulingoni akiwa mkubwa kuliko alivyoingia.

Wapo waliosema mkanda wa Uingereza kushikwa na Mwaustria ni kosa, na Ilja Dragunov, mzaliwa wa Moscow aliyekulia Ujerumani, alipomlazimisha WALTER kukubali kushindwa Agosti 2021 wakasema tena. Sikubaliani nao. Katika maisha yake yote mkanda ule ulishikwa na watu wanne tu, na kila mmoja aliuongezea uzito. Mgeni akikipigania kitu chako kwa jasho lile, kakuheshimu.

Dragunov aliumia, akauachia mwaka 2022, na Bate akautwaa tena kwa kumshinda rafiki yake wa siku zote, Trent Seven. Mzunguko ulikuwa umetimia vizuri mno: wa kwanza amerudi, sasa ni mtu mzima. Wiki chache baadaye akapandishwa ndege kwenda Orlando. Tukaahidiwa kwamba 2023 itakuja NXT Europe, tawi la Ulaya la kuchukua nafasi ya lile la Uingereza, na 2023 ikapita bila kitu.

Kampuni ina haki ya kufunga biashara isiyolipa. Sipingi hilo. Ninachopinga ni mahali na namna. Empress Ballroom ipo pale pale. Wangeweza kumpeleka Bate huko usiku mmoja, ashinde au ashindwe, halafu auweke mkanda katikati ya ulingo mbele ya watu waliomwona akiupokea akiwa na miaka 19.