M-Pesa ya Nairobi si M-Pesa ya Kariakoo

Mwenye duka la viatu mtandaoni Nairobi akiamua kuuza Tanzania, suala la malipo halimnyimi usingizi. Si na kule kuna M-Pesa? Kisha mteja wa Kariakoo anachagua viatu vyake, anaandika namba ya Vodacom, na fomu inamkatalia: inataka namba inayoanza na 254. Yake ni 255. Anafunga ukurasa, anarudi Instagram kwa muuzaji anayejibu meseji.

Jina ni moja, mitambo ni miwili. Ya Kenya ni ya Safaricom tangu 2007, ya Tanzania ni ya Vodacom tangu 2008. Tena Tanzania M-Pesa haiko peke yake: kuna Airtel Money, HaloPesa, na Mixx by Yas ambayo wengi bado tunaiita Tigo Pesa. Aliyezoea kuweka till moja, yaani namba ya duka ya kupokelea M-Pesa, akapata wateja karibu wote, hapa atashangaa.

Ndiyo maana wapo wanaoshauri ufungue kila njia ya kulipa inayotumika nchi unayoingia. Wana hoja. Uholanzi watu hulipa kwa iDEAL, Brazili kwa Pix iliyoanzishwa na benki kuu yao mwaka 2020. Ukiwaletea kadi tu, wengine watakupita. Mtu akishafika kwenye kulipa hataki somo jipya.

Wanaopinga hawazungumzii mteja, wanazungumzia daftari. Kila njia ina mkataba wake, makato yake na ripoti yake ya kulinganisha kila jioni. Halafu kuna kubadilisha fedha. Mapema 2024 shilingi ya Kenya ilipanda thamani kutoka karibu 160 kwa dola hadi karibu 130 ndani ya miezi michache. Mkenya aliyekuwa na mauzo yake ya Dar yamelala kwa shilingi za Tanzania alipoyavusha mpaka yalikuwa yamepungua, ilhali viatu vilishauzwa kwa bei ileile.

Mimi naelemea kati, ila si katikati kabisa. Kampuni za kukusanya malipo kama Pesapal au Selcom hukupa mitandao mingi kwa mkataba mmoja. Zinakata chao, sawa, lakini mhasibu wa kulinganisha ripoti nne naye hafanyi kazi bure. Njia nyingine zisubiri mpaka mauzo yenyewe yazidai.

Kinachosahaulika na pande zote mbili ni hofu. Dar watu wengi wanataka kulipa mzigo ukishafika, wauguse kwanza. Hapo hata ukiweka njia kumi za kulipa mapema hujajibu swali lao, maana wanachouliza ni kimoja: nikitapeliwa, nani atanirudishia? Bodaboda anayepokea malipo mlangoni huenda akakuuzia kuliko kitufe chochote, ingawa utabeba hasara ya mizigo inayokataliwa, na jozi iliyotoka Nairobi kurudi si nauli ya mchezo.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza chochote, tafuta laini ya Halotel, nunua jozi moja dukani kwako kama mteja wa Mwanza, kisha dai kwamba namba 42 imekubana na unataka pesa yako. Hesabu siku hadi irudi, na uangalie imerudi yote au imekatwa njiani.