Chaza wa ukutani na tufani ya Nuhu

Lipu ikibanduka kwenye nyumba kongwe za Mkomani, hapa Lamu, jiwe la ndani hujionyesha: maua ya matumbawe, vipande vya chaza, pengine kombe zima kama limewekwa jana. Mengi ya mawe hayo yalichongwa kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo, tena nchi kavu. Ndipo barazani huzuka hoja ninayoisikia tangu utotoni: bahari ilifikaje juu ya ardhi kama si tufani ya Nuhu? Rafiki yangu mlokole wa Malindi husema hivyo hivyo, ila yeye hufungua Mwanzo sura ya 7.

Naipenda hoja hii kwa kuwa inaanza na kitu cha kushikika. Na nusu yake ni kweli. Wanajiolojia hawabishi kuwa bahari ilikuwa juu zaidi. Karibu miaka 125,000 iliyopita, barafu ya dunia ilipopungua, maji yalisimama mita 6 hadi 9 juu ya yalipo leo, na mwamba wa pwani yetu ulijengeka katika zama kama hizo za bahari kupanda na kushuka.

Lakini ukimleta shahidi mbele ya kadhi, huwezi kumziba mdomo akishasema lile ulilolitaka. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, na ndani yake huacha pete za miaka kama mti. Pande la nusu mita ni umri wa mtu. Tena ndani ya mwamba matumbawe mengi yamesimama vile vile yalivyoishi, machanga yameota juu ya yaliyokufa. Gharika ya mwaka mmoja ingevunja na kutapanya, haikai ikalea. Na tumbawe halipendi maji matamu wala tope. Aliyeiona bahari ya Malindi wakati wa masika, mto Sabaki ukimwaga maji yenye rangi ya chai ya maziwa, atafahamu kwa nini maji ya gharika yangeliua badala ya kulistawisha.

Hesabu ya maji nayo ni ngumu. Mvuke wote ulio angani ukinyesha kwa pamoja, dunia itafunikwa kwa sentimita 2 na nusu hivi. Barafu yote ikiyeyuka, bahari itapanda mita 70 kwa makisio ya juu. Mlima Kenya una mita 5,199, na Everest 8,849.

Kisha safina yenyewe. Biblia inataja dhiraa 300, kama mita 137. Fundi yeyote wa Matondoni, kijiji chetu cha waunda majahazi, anajua kwamba jahazi likirefuka, mkuku, ule uti wa chini, hujipinda, mbao huachana, na kalafati ya kuziba nyufa haishiki. Mwaka 1909 Wamarekani waliunda merikebu ya mbao iitwayo Wyoming, sitaha yake mita 107, wakaifunga kwa vyuma. Bado ilijinyonga baharini na kuvuja, pampu zikawa hazipumziki. Ilizama mwaka 1924 na mabaharia wake wote.

Anayeamini atajibu kuwa Nuhu hakuwa na fundi wa Matondoni: aliunda chini ya uangalizi wa Mola, ndivyo isemavyo Sura Hud. Jibu hilo ni halali. Ila linatutoa kwenye ushahidi na kututia kwenye muujiza, na muujiza hauhitaji chaza wa ukutani.

Wenye shaka nao huvuka mpaka wanaposema hapakuwa na kitu kabisa. Tangu kilele cha zama za barafu za mwisho bahari imepanda karibu mita 120, ikameza pwani zilizokuwa na watu. Mwaka 1929 Leonard Woolley, mwanaakiolojia Mwingereza, alikuta katika mji wa kale wa Ur, Iraki, tabaka nene la tope la mafuriko. Miji mingine ya jirani haikuwa na tope la wakati ule ule. Basi yalikuwa mafuriko makubwa ya mto, na kwa aliyeyakimbia akapanda paani, dunia ilikwisha siku hiyo.

Mimi naona uzito uko kwenye neno moja. Biblia yetu ya Kiswahili inasema maji yalifunika "nchi", na neno la Kiebrania lililo nyuma yake hubeba maana zote mbili, dunia na eneo. Qurani inasema Nuhu alitumwa kwa kaumu yake. Wafasiri wamehitilafiana: wapo wanaoshika dua yake katika Sura Nuh, asiachwe juu ya ardhi kafiri hata mmoja, kuwa ni dunia nzima, wapo wanaosema ardhi ile ni ya kaumu ile. Sisi wenyewe husema dunia nzima ilikuja Lamu kwa Maulidi, na hakuna anayeuliza kama Wachina walifika wote. Aya za Mwanzo kuhusu milima yote chini ya mbingu ni nzito zaidi kuzipitisha njia hiyo, nakiri.

Nilimweleza rafiki yangu wa Malindi haya yote. Akanyamaza, kisha akasema imani yake haikujengwa kwa mawe ya Manda. Hapo sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba tu, siku nyingine akija Mkomani, asinionyeshe tena ule ukuta.