Majivu ya moyo wa Mercy

Sipendi tunavyosimuliana ushirikina wa watu wa kale kama vichekesho. Tunazitaja mila za ajabu, tunashangaa, tunacheka, tunapita. Kuna kisa kimoja ambacho tangu nikijue kimeniondolea hamu ya kucheka, na kilitokea Marekani, kwa wakulima wa Exeter, jimbo la Rhode Island.

Kifua kikuu kiliingia nyumbani kwa mkulima George Brown kikamchukua mkewe mwaka 1883. Haukupita muda mrefu, binti mkubwa akafuata. Miaka ikapita, kijana wao Edwin akaanza kukohoa. Akapelekwa mbali, Colorado, kwa kuwa watu waliamini hewa ya kule inaponya. Huku nyuma dada yake Mercy akaugua, akafariki Januari 1892 akiwa na miaka 19. Edwin alirudi nyumbani bila nafuu yoyote.

Majirani walikuwa na jibu lao. Vijiji vile vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, viliamini kwamba ukoo ukiteketea mmoja mmoja kwa ugonjwa huo, basi yupo marehemu ambaye hajafa sawasawa, analala kaburini huku akinyonya uhai wa ndugu zake. Dawa ilikuwa kufukua, kumtafuta mwenye damu moyoni, kuuchoma moyo huo, kisha mgonjwa anywe majivu.

George mwenyewe hakuiamini habari hiyo, lakini alikubali. Hapo ndipo ninaposimama kila nikikumbuka kisa hiki. Mwanamume aliyekwisha kuzika watatu, wa nne anakohoa chumba cha pili, na majirani wanamwambia kuna kitu bado hajajaribu. Nani angekataa?

Machi 17, 1892, makaburi yakafunguliwa. Mama na dada mkubwa walikuwa wamebaki karibu mifupa tu. Mercy alikuwa na miezi miwili tu tangu afariki, tena katika baridi ambayo ingemhifadhi yeyote, na moyoni mwake mlikuwa na damu. Daktari aliyeitwa kuwapima aliwaeleza kwamba hali ile ni ya kawaida, na kwamba mapafu ya binti yanaonyesha kifua kikuu. Hawakumsikiliza. Moyo na ini vikachomwa juu ya mwamba, majivu yakakorogwa, Edwin akanywa. Akafariki Mei 2.

Mwanasayansi Mjerumani, Robert Koch, alikuwa ametangaza kule Berlin kwamba amemgundua kijidudu cha kifua kikuu. Alitangaza Machi 24, 1882: miaka kumi kasoro wiki moja kabla ya moyo wa Mercy kuchomwa. Wengi huishia hapo na kusema, mnaona ujinga? Mimi sikubaliani nao. Daktari yule wa Exeter alikuwa na jina la ugonjwa, lakini hakuwa na dawa. Streptomycin, ya kwanza kukiweza kijidudu kile, iligunduliwa mwaka 1943. Majirani ndio waliokuja na kitu cha kufanya, na mtu anayefiwa huenda kwa anayempa cha kufanya.

Sisi hatuna udhuru wa George Brown. Vidonge vipo, vinatolewa bure katika vituo vya serikali, na mgonjwa akivimeza bila kukatisha, mara nyingi kwa miezi sita, hupona. Hata hivyo bado tunapiga ramli, na ramli chonganishi yetu inatisha zaidi ya ile ya Exeter, kwa sababu wao walimtafuta mchawi miongoni mwa wafu, sisi tunamtafuta miongoni mwa walio hai. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi kavu, kwa miaka yote waliyowapikia watoto na wajukuu, pengine hata hao waliokuja kuwaua.

Nilipokuwa mdogo shangazi yangu alikohoa karibu mwaka mzima. Kwanza alipelekwa kwa mganga, akatajiwa jirani. Nakumbuka tulivyoacha kumsalimia mama yule, mimi nikiwa mtoto nisiyejua lolote, nikimkimbia njiani kwa sababu wakubwa walinikataza. Baadaye muuguzi mmoja alikuja mpaka uani, akaketi kwenye mkeka, akaongea na bibi jioni nzima. Alirudi tena. Mara ya tatu shangazi akaenda kupimwa makohozi, akaanza dozi, na alipoimaliza akawa mzima kabisa.

Kifua kikuu huambukizwa kwa hewa, si kwa chombo, na muuguzi alimweleza bibi hivyo. Lakini kikombe cha bati alichotengewa shangazi kiliendelea kuning'inia peke yake msumarini, nje ya jiko, miaka mingi baada ya kupona kwake. Akija mgeni, shangazi alikuwa anakishusha mwenyewe, kabla hajaambiwa.