Dirisha la mtu mmoja
Mwishoni mwa 2007, Johnny Chung Lee, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliweka rimoti ya Nintendo Wii, mashine ya michezo ya video, chini ya televisheni, akavaa miwani yenye vitaa viwili vya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, akajirekodi video. Ndani ya rimoti ile mna kamera inayoviona. Vikihama, kichwa kimehama. Vikionekana kukaribiana, mtu amerudi nyuma. Kompyuta inachora upya picha kulingana na jicho lilipo, na skrini inageuka dirisha: ukichungulia pembeni, unaona kilichojificha.

Hesabu yake huwatega wengi. Programu za 3D huchora piramidi ambayo ncha yake ni jicho na kitako chake kinapita kwenye skrini. Anayeanza huizungusha piramidi nzima kufuata kichwa, kumbe skrini haijasogea ukutani! Kinachotakiwa kuhama ni ncha peke yake, piramidi ilale upande.

Faida yake si ya kubuni. Mwaka 1993 mtafiti Colin Ware na wenzake waliwapa watu kazi ya kufuata matawi yaliyosokotana kwenye skrini. Kufuatilia kichwa peke yake kulipunguza makosa kuliko miwani ya 3D peke yake.

Lakini video ya Lee ilipendeza kuliko kitu chenyewe. Kamera iliyoirekodi ina jicho moja. Sisi tuna mawili, na yote mawili yanapokea picha ileile bapa. Fumba moja uone tofauti. Halafu dirisha hili ni la mtu mmoja: aliyeketi nawe kwenye kochi anaona vitu vimepinda na kuyumba bila sababu.

Kwenye simu tatizo hilo halipo, maana simu hutazamwa na mmoja, na Amazon walijaribu. Simu yao ya Fire Phone ya 2014 ilikuwa na kamera nne za kufuatilia uso, ikaishia hasara ya dola milioni 170. Bei na uhaba wa programu vilichangia, ila mimi naulaumu pia mkono: simu unaiinamisha tu. iOS 7, mfumo wa simu za iPhone, ilishafanya mchezo huo mwaka 2013 kwa kuhisi mwinamo, bila kumtafuta mtu usoni.

Mbinu hii ya kufuatilia kichwa ilikodumu ni kwa wachezaji wa michezo ya kurusha ndege, kila mmoja mezani kwake. Nao dirisha hawalitaki: wanageuza shingo kidogo tu, rubani wa ndani ya mchezo anatazama mkiani.